Faida inayotegemea urafiki na wakubwa haihesabiki

Wakaaji wa Kolwezi wanajua jambo moja ambalo wataalamu wa fedha wa London na Toronto wamelijifunza kwa bei kali: katika Kongo, shaba iliyo chini ya ardhi haitoshi kukuambia kampuni itapata faida gani. Inabidi ujue pia nani anafunguliwa mlango katika ofisi gani ya Kinshasa, na mlango huo utabaki wazi mpaka lini.

Tunalisema leo kwa sababu nchi yetu imefungua ukurasa mpya katika kugawa mali ya madini. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, kila kampuni ya kobalti inapewa kiasi ambacho haiwezi kupita inapopeleka mzigo nje. Kwa mwaka 2026 na mwaka 2027, jumla ni tani 96.600 kila mwaka. Kati ya hizo, tani 87.000 zinagawiwa makampuni, na tani 9.600 zinabaki mikononi mwa ARECOMS, mamlaka ya serikali inayosimamia soko la madini ya kimkakati. Maana yake ni nyepesi: faida ya kampuni ya kobalti haiamuliwi tena na mashine zake na bei ya soko peke yake. Inaamuliwa pia na karatasi yenye sahihi na mhuri.

Karatasi hiyo ikitoka kwenye sheria iliyo wazi kwa wote, hakuna neno. Ikitoka kwenye urafiki, tutakuwa tumerudi kule tulikotoka. Na kule tulikotoka tumeacha miliari za dola.

Kazi ya mchambuzi wa fedha

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowataja. Kongo haina soko la hisa. Makampuni makubwa yanayochimba kwetu, au kampuni mama zao, yanauza hisa zao London, Toronto, Johannesburg, Hong Kong, Shanghai au Australia. Huko kuna watu wanaoitwa wachambuzi wa fedha. Wengi wanafanya kazi katika mabenki. Kazi yao ni kukadiria, kabla mwaka haujaisha, kampuni fulani itapata faida kiasi gani.

Njia yao si uchawi. Mchambuzi anachukua tani za shaba ambazo kampuni inasema itatoa, anazizidisha kwa bei ya soko la London. Kisha anatoa mishahara, umeme, mazutu, asidi, usafiri wa malori hadi Dar es Salaam au Durban, kodi, na riba ya madeni. Kinachobaki anakigawanya kwa idadi ya hisa. Namba hiyo moja ndogo inasomwa na mabenki, na mifuko ya pensheni, na watu wa kawaida wenye akiba. Ikiwa nzuri, hisa zinapanda na kampuni inakopa kwa urahisi. Ikiwa mbaya, milango inafungwa. Na kampuni ikitoa matokeo yaliyo mbali na ile namba, hisa zinaweza kuanguka kwa asubuhi moja.

Vitu hivyo vyote vinapimika. Kisichopimika ni mwavuli. Kwetu mtu akisema fulani "ana parapluie", hakuna anayeuliza kama mvua inanyesha. Kila mtu anaelewa kwamba kuna mkubwa nyuma yake. Kampuni yenye mwavuli inapata kibali kwa wiki wakati wengine wanangoja miaka. Inanunua hisa za shirika la leta kwa bei ya chini. Mkaguzi akija, anapigiwa simu ageuze gari. Pesa inayotoka hapo ni faida ya kweli, inaingia kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka kama faida nyingine yoyote. Lakini chanzo chake hakiandikwi popote. Siku mwavuli unapofungwa, mvua yote iliyozuiliwa kwa miaka inanyesha kwa siku moja.

Hilo si dhana yetu tu. Mwaka 2010, watafiti watatu, Charles Chen, Yuan Ding na Chansog Kim, walitoa utafiti uliolinganisha makampuni ya nchi mbalimbali duniani. Walikuta kwamba wachambuzi wanakosea zaidi wanapokadiria faida ya makampuni yenye uhusiano na wanasiasa wa ngazi za juu. Na kosa hilo linakuwa kubwa zaidi katika nchi zenye rushwa nyingi.

Sababu moja ilionekana mwaka uliofuata, katika utafiti wa Paul Chaney, Mara Faccio na David Parsley. Hesabu zinazotolewa na makampuni yenye wakubwa nyuma yao ni za ubora wa chini kuliko za makampuni mengine. Kampuni ya kawaida ikitoa hesabu zenye ukungu, inaadhibiwa, kwa maana wakopeshaji wanaitoza riba ya juu. Kampuni yenye mwavuli haipati adhabu hiyo. Basi kwa nini ijisumbue kuandika vizuri? Ukungu hauigharimu kitu, na tena unamfunika rafiki.

Dunia ilikuwa imeliona jambo hili mapema huko Indonesia, wakati wa Rais Suharto. Mtafiti Raymond Fisman aliangalia siku ambazo uvumi ulienea kwamba rais ni mgonjwa. Aliona hisa za makampuni yaliyo karibu na familia ya rais zinaanguka kuliko hisa za wengine. Viwanda vilikuwa vilevile, wafanyakazi walewale, wateja walewale. Kilichopungua thamani ni afya ya mtu mmoja. Mchambuzi gani wa fedha ana kipimo cha presha ya damu ya rais?

Somo letu liko Kolwezi

Hatuna haja ya kwenda Indonesia. Kampuni ya Kamoto Copper Company, ambayo wengi wanaiita KCC, iko Kolwezi. Kwa miaka mingi kampuni yake mama, Katanga Mining, ilikuwa kwenye soko la hisa la Toronto, chini ya mamlaka ya Glencore. Gécamines, kwa niaba ya wananchi, ina hisa ndani ya KCC. Na pembeni alikuwako mfanyabiashara wa Israeli, Dan Gertler, ambaye urafiki wake na Rais Joseph Kabila haukuwa siri kwa mtu yeyote.

Tarehe 21 Desemba 2017, wizara ya fedha ya Marekani ilimwekea Gertler vikwazo. Ilisema alijenga utajiri wake kwa mikataba ya madini na mafuta yenye giza na rushwa, na kwamba alitumia urafiki wake na rais kuwa mtu wa kati katika uuzaji wa mali ya madini ya Kongo. Gertler amekana siku zote, na hakuna tribinali iliyomhukumu. Tunaandika hivyo kwa sababu ni haki yake. Lakini swali la gazeti hili leo si la jela. Ni la hesabu: mtu aliyeko Toronto, mwenye karatasi za Katanga Mining mbele yake, alikuwa akiona nini?

Jibu lilitolewa na mamlaka ya masoko ya fedha ya Ontario, huko Kanada, mnamo Desemba 2018. Katanga Mining ilikubali kwamba ilitoa taarifa zisizo sahihi juu ya hali yake ya fedha. Ilikubali pia kwamba haikuwaeleza wenye hisa hatari iliyotokana na kumtegemea Gertler na makampuni yake katika mambo yake na serikali ya Kongo. Kampuni na viongozi wake walilipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2017, kampuni hiyohiyo ilikuwa tayari imelazimika kusahihisha hesabu zake za zamani, pamoja na kiasi cha shaba ilichosema imetoa, na wakurugenzi watatu waliowekwa na Glencore waliondoka kwenye baraza lake.

Tusome vizuri. Kulikuwa na makosa ya aina mbili. La kwanza ni la tani: shaba iliyoandikwa haikuwa sawa na shaba iliyotoka. Kosa la namna hiyo, mkaguzi mwenye bidii anaweza kulikamata kwa kupima ghala. La pili ni la urafiki: jina ambalo lilikuwa linashikilia sehemu ya biashara halikuelezwa inavyopaswa. Hili la pili hakuna ghala la kulipimia.

Kisha ukaja mwaka 2018, na mvua ikanyesha. Tarehe 9 Machi, Rais Kabila alitia sahihi kanuni mpya ya madini. Wakubwa wa makampuni, pamoja na mkuu wa Glencore, walikuwa wamefika Kinshasa siku mbili kabla kumwomba abadilishe. Redevansi ya shaba na kobalti ilipanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 3,5, na kabla mwaka haujaisha kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati, redevansi yake ikawa asilimia 10. Mwezi Aprili, Gécamines ilienda tribinalini kutaka KCC ivunjwe kwa sababu ya madeni yake. Mwezi huohuo kampuni ya Gertler ikadai malipo yake, yaani yale yaliyotokana na haki ambazo Gécamines ilikuwa imemwachia juu ya KCC. Juni, Glencore ikafuta deni la dola miliari 5,6 ndani ya KCC kwa kuligeuza kuwa hisa, ikalipa Gécamines dola milioni 150, na ikaamua kumlipa Gertler kwa euro badala ya dola. Tarehe 3 Julai, wizara ya sheria ya Marekani ikaidai Glencore hati zake juu ya Kongo, Nigeria na Venezuela. Hisa za Glencore zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 8 siku hiyo moja.

Katika matukio hayo yote, hakuna hata moja lililotoka shimoni. Ukuta wa mgodi haukuanguka, na shaba haikugeuka kuwa mchanga. Kila tukio lilitoka katika uhusiano kati ya watu.

Na hesabu haikuisha hapo. Mei 2022, Glencore ilikiri mashtaka ya rushwa mbele ya sheria ya Marekani na ya Uingereza. Kuhusu Kongo, ilikiri kwamba ililipa watu wa kati kama dola milioni 27,5, ikikusudia kwamba sehemu yake iwe matabishi ya maofisa wetu. Desemba 2022 ilikubali kulipa serikali ya Kongo dola milioni 180. Agosti 2024, mwendesha mashtaka mkuu wa Uswisi aliitoza dola milioni 152 kwa kutochukua hatua za kuzuia rushwa iliyotolewa na mshirika wake wa biashara mwaka 2011, wakati wa ununuzi wa hisa za Gécamines katika makampuni mawili ya migodi. Urafiki wa mwaka 2011 ulikuja kulipiwa mwaka 2024. Miaka 13! Ni utabiri gani wa faida unaofika mbali hivyo?

Mwavuli wa jirani unakunyeshea wewe

Wengine wanafikiri shida hii ni ya kampuni yenye rafiki peke yake. Hapana. Mwulize yeyote aliyekuwa na hisa za First Quantum, kampuni ya Kanada. Mwaka 2009 ilinyang'anywa mradi wake wa kuchakata masalio ya shaba huko Kolwezi, ikiwa katikati ya ujenzi. Mwaka uliofuata ikapoteza migodi ya Frontier na Lonshi. Mali ya Kolwezi ilipita kwa makampuni yanayohusiana na Gertler, na Agosti 2010 kampuni ya ENRC, iliyokuwa kwenye soko la London, ikanunua sehemu kubwa yake kwa dola milioni 175.

Mchambuzi aliyefuata ENRC siku ile angeandika kwamba kampuni imenunua kwa bei nafuu. Kwa tani na kwa bei ya soko, angekuwa na haki. Januari 2012, ENRC ilikubali kulipa First Quantum dola miliari 1,25 ili kesi ziishe. Kilichonunuliwa kama kuku kilikuja kulipwa kama ng'ombe. Mwaka 2013 ENRC ikaondoka kwenye soko la London, huku wapelelezi wa Uingereza wakiwa wameanza kuichunguza. Uchunguzi huo ulifungwa mwaka 2023 bila mashtaka, kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Karibu na sisi zaidi, katika jimbo la Tanganyika, kuna Manono. Kampuni ya Australia, AVZ Minerals, ilikuwa imeahidi lithiamu nyingi kwa wenye hisa wake. Mei 2022 uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa kwa sababu ya ugomvi juu ya nani mwenye haki ya mradi, na haukufunguliwa tena mpaka kampuni ilipoondolewa kwenye soko la Australia mwaka 2024. Lithiamu ilikuwa palepale wakati wote huo. Kilichobadilika ni majina kwenye karatasi, na mradi sasa uko pia mikononi mwa Zijin ya China pamoja na shirika letu la Cominière.

Vita inaonekana, urafiki hauonekani

Msomaji wa Kivu atatuuliza: na vita je? Si hatari kubwa kuliko zote? Ni kubwa, na hakuna anayeijua kuliko sisi. Lakini kwa mtu anayekadiria faida, vita ina tofauti moja na urafiki. Vita inaonekana.

Angalieni Bisie, katika Walikale. Machi 2025, M23 waliposogea, kampuni ya Alphamin ilisimamisha uchimbaji wa kasiterite na kuondoa wafanyakazi. Aprili, baada ya wapiganaji kuondoka katika mji wa Walikale, kazi ilianza tena hatua kwa hatua. Kampuni ikatangaza kwamba mwaka huo itatoa bati chini ya ile iliyoahidi. Hisa zilianguka, kisha zikainuka. Kila mtu, wa Goma na wa Johannesburg, alisoma habari ileile siku ileile. Mchambuzi alitoa siku za kusimama, akapiga hesabu upya.

Urafiki haufanyi hivyo. Hautangazwi ukianza wala ukiisha, na ukivunjika, wa kwanza kujua ni wale wawili. Wa pili ni yule aliye karibu nao, ambaye anaweza kuuza hisa zake mapema. Wa mwisho ni mwalimu mstaafu wa Kanada ambaye pensheni yake iko humo, na mkaaji wa Kolwezi ambaye shule ya mtoto wake ilikuwa ijengwe kwa pesa hiyo.

Wachambuzi wenyewe hawana usafi wote. Mashirika ya kiraia yaliandika juu ya mikataba ya Gertler miaka mingi kabla ya vikwazo vya Marekani. Kofi Annan na wenzake wa Africa Progress Panel walitoa ripoti yao mwaka 2013. Habari ilikuwa mezani. Lakini benki inayomlipa mchambuzi ndiyo hiyohiyo inayotaka kukopesha kampuni na kuuza hisa zake. Mchambuzi anayeuliza maswali makali juu ya rafiki wa rais anaweza kukuta simu yake haijibiwi tena. Basi ni rahisi kuandika tani na kunyamaza juu ya mengine.

Hii inatuhusu nini sisi?

Tumesikia watu wakisema: acha matajiri wa London wapoteze pesa zao, ni shida yao. Tunakataa kabisa. Ukungu unaomficha rafiki mbele ya mchambuzi ndio huohuo unaomficha mbele ya wizara ya bajeti, mbele ya mbunge, na mbele ya mkuu wa komine.

Ripoti ile ya Africa Progress Panel ilichunguza mikataba mitano tu, ya kati ya 2010 na 2012, ambapo mali ya leta iliuzwa kwa makampuni ya visiwa vya siri kwa bei ya chini. Hasara ya Kongo: dola miliari 1,36. Hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya bajeti ya afya na ya elimu ya nchi nzima kwa mwaka mmoja, zikijumlishwa pamoja. Katika mikataba hiyo mitano, shirika la leta liliuza bila kutangaza bei ya kweli. Na pale ambapo bei ya kweli haijulikani, kuna mtu mmoja tu anayejua kukadiria faida, naye ni yule aliyepewa.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Kanuni ya madini ya 2018 iliweka kodi ya asilimia 50 juu ya faida ya ziada. Faida ya ziada inahesabiwa namna gani? Bei ya madini ikipita kwa asilimia 25 ile bei ambayo kampuni yenyewe iliandika katika utafiti wake wa mradi. Someni tena: kodi yetu inategemea utabiri wa kampuni. Kampuni ikiandika bei ya juu ndani ya utafiti, faida ya ziada inaweza isifike milele. Na kama ofisa anayepokea utafiti huo ni mtu wa mwavuli uleule, nani atamwambia "bei hii umeipandisha"? Hapo sisi wote, watu milioni zaidi ya mia moja, tunageuka kuwa wachambuzi wa fedha wasio na karatasi.

Tushuke mpaka chini. Kanuni hiyohiyo inagawa redevansi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au chefferie ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mkuu wa sekta anayetaka kujenga kituo cha afya anafanya kazi ileile ya mchambuzi wa London. Inabidi akadirie mwaka huu kampuni itauza kiasi gani ili ajue atapata nini. Hana kompyuta kubwa wala mshahara wa benki. Akikosea, mchambuzi wa London anapoteza zawadi ya mwisho wa mwaka. Mkuu wa sekta anabaki na kuta zisizo na paa, na akina mama wanaendelea kujifungulia njiani.

Wanaosema "ndivyo biashara inavyokwenda"

Kuna hoja moja tunayoiheshimu. Wengine wanasema: kila nchi ina makampuni yenye marafiki serikalini, hata Marekani, hata Ufaransa. Ni kweli. Huko Washington kampuni inalipa watu wa kuzungumza na wabunge kwa niaba yake. Lakini sheria inawalazimisha kuandikishwa, na kutaja wanalipwa kiasi gani na nani. Urafiki ulioandikwa unaweza kuhesabiwa. Mchambuzi anaweza kuandika: kampuni hii inamtegemea fulani, tuondoe asilimia kadhaa. Hatuombi wafanyabiashara wasijuane na viongozi. Tunaomba urafiki wao uandikwe.

Wengine wanasema kusema haya kutafukuza wawekezaji. Tunaona kinyume. Mwekezaji wa kweli alikimbia Kolwezi mwaka 2009, alipoona mwenzake amenyang'anywa. Aliyebaki ni yule anayependa giza. Na sasa miavuli mipya inafunguliwa. China iko hapa tangu zamani. Marekani imetia sahihi ushirikiano wa madini na Kinshasa. Kampuni ya Abu Dhabi, IRH, ilinunua mwaka 2025 zaidi ya nusu ya Alphamin, mwenye Bisie yetu. Hatusemi kwamba yeyote kati yao amefanya kosa. Tunasema kwamba nguvu zinazokutana juu ya ardhi yetu ni kubwa kuliko wakati wowote, na kwamba kipimo chetu cha kuziangalia bado ni kilekile cha zamani.

Tunadai nini

Dai la kwanza ni juu ya kobalti. ARECOMS itangaze kila mwaka kampuni gani imepata tani ngapi, na kwa kipimo gani. Hasa zile tani 9.600 zilizo mikononi mwake: zikitolewa, jina la anayezipata na la mwenye kampuni yajulikane siku hiyohiyo. Tani ambazo hazina sheria ya kugawa ni mwavuli unaongoja mwenyewe.

La pili ni mikataba. Tangu Mei 2011 kuna dekreti inayoamuru kila mkataba wa madini, mafuta na misitu utangazwe ndani ya siku 60. Hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji ile iliyopo iheshimiwe, pamoja na viambatisho vyake na marekebisho yake, kwa sababu ni huko nyuma ya kurasa ndiko vitu vinafichwa.

La tatu ni majina. Kanuni ya madini inataka mwenye kampuni wa kweli ajulikane. Jina la kampuni ya kisiwa cha mbali si jina la mtu. Na utafiti wa mradi, ule unaobeba bei inayoamua kodi ya faida ya ziada, usomwe na wabunge kabla ya kukubaliwa.

La nne ni viongozi wenyewe. Kifungu cha 99 cha katiba kinawalazimisha rais na mawaziri kutangaza mali zao mbele ya korti ya katiba wanapoingia kazini na wanapotoka. Hati hizo zinalala kabatini. Mchimbaji wa Rubaya na mwanafunzi wa Bukavu hawana njia ya kujua kama waziri anayetia sahihi kibali ana ndugu ndani ya kampuni inayokipokea. Bunge linaweza kuamua hati hizo zisomwe na wote.

Wenye hisa wa London na Toronto wamepata kitu baada ya kudanganywa: mamlaka zao zilitoza faini, kampuni zikakiri, hesabu zikasahihishwa. Walikuwa na haki ya kujua, na haki hiyo ina polisi. Mwenye hisa wa kwanza wa migodi ya Kongo ni mwananchi wa Kongo. Yeye hajauza hisa yake, wala hawezi kuiuza akiona mambo yanaharibika. Hata kama ni kwa ajili yake peke yake, vitabu vifunguliwe.